Nyanya Juu ya Mashuka ya Harusi

Tulipotoka makaburini, Vito alinishika kiwiko akaniambia kwamba kabla sijaketi mezani kuna kitu anataka nikione gereji. Tulikuwa nyumbani kwake Pickering, mji ulio jirani na Toronto, makoti ya watu yamerundikwa kitandani, wajukuu wanapitisha mizeituni kwenye sahani za karatasi. Mimi nilikuwa na viatu vya kuazima, na kwenye mkoba wangu mlikuwa na tiketi ya basi la kesho asubuhi kwenda Sudbury, maana nilikuwa nimepata kazi huko, na kuhama kwangu ni kama kukaa kwa wengine. Vito ananijua, kwa hiyo hakuniuliza siku hizi naishi wapi. Alibonyeza kitufe, mlango wa gereji ukapanda taratibu, na pale sakafuni, mahali pa gari, nikaona mashuka manne meupe yametandikwa, na juu yake nyanya, nyingi mno, zimepangwa bila kugusana. Niliyatambua mashuka kabla ya nyanya. "Sijui kama ziko tayari," Vito alisema. "Mama ndiye aliyekuwa akijua. Ziangalie wewe." Nikacheka, siku ya msiba, na nguo nyeusi mwilini, na yeye akacheka, kwa sababu mtu yeyote anayekumbuka mwaka ule asingenikabidhi mimi nyanya za mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikifanya kazi ya dobi kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, zamu ya alfajiri, na ndani ya miezi minane nilikuwa nimeshahama vyumba vitatu. Cha nne nilikiona kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani pa duka la kufulia nguo huko Mount Dennis: chumba, jiko, mlango wake. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sabini, mfupi, nguo nyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, maana mumewe, mzee Nunzio, alikuwa amefariki majira yale ya baridi. Jina lake Assunta, lakini kwetu mtu mzima haitwi hivihivi, nikamuuliza mwanawe wa kwanza anaitwa nani, na tangu siku hiyo nikamwita Mama Vito. Alilipenda. Alisema katika nchi hii watu walikuwa wamemwita kwa jina la mume, kwa namba ya foleni na kwa makosa, lakini kwa jina la mwanawe hakuna aliyewahi. Alinitembeza nyumba nzima. Juu palikuwa na jiko zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, jiwe linang'aa, viti vimefunikwa nailoni, mashine ya kupikia haina hata alama ya kidole. Akaniuliza, zuri? Nikasema zuri sana. Kisha tukashuka besimenti, ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, akanionyesha chumba changu na jiko langu, la zamani, lina meza ndefu na sufuria nyeusi zinazoning'inia.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na harufu ya pilipili hoho zinazokaangwa. Nilitoka nimejifunga khanga nikamkuta Mama Vito amesimama jikoni kwangu, amefunga aproni, anageuza hoho kwa uma. Nilidhani ni uzee na msiba vimemchanganya, kwa hiyo nikamwambia kwa upole kwamba mama, jiko lako liko juu. Alinitazama kama vile nimemwambia akakaange samaki madhabahuni. "Juu ni kwa wageni," alisema. "Chini ndiko tunakopika." Katika miaka yote tangu mumewe alipoijenga nyumba ile, Jumamosi kwa Jumamosi, yeye na ndugu zake, jiko la juu lilikuwa limewashwa mara mbili, na moja ilikuwa ni fundi anajaribu gesi. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepanga jiko pamoja na mwenyewe ndani yake. Niliapa nitahama mwisho wa mwezi. Halafu akanikatia mkate, akaujaza hoho na yai, akanifungia kwenye karatasi ya kupeleka kazini, na mwisho wa mwezi ukapita.

Nikifikiri sasa, hakuna kitu kilichopaswa kunishangaza. Kwetu nako kuna sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na kabati la vikombe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kunywea, na watu wa nyumba wanakula ukumbini nyuma, kwenye mkeka. Nadhani ndiyo maana tulielewana haraka, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu hakikuwa na afya. Jioni moja nilisonga ugali, akaja kuutazama, akautia kidole, akasema na kwao upo, ila wa njano, na wao huumwaga juu ya ubao, kila mtu akala kuanzia upande wake mpaka wakakutana katikati. Wakati wa vita waliula mpaka wakauchukia. Hata hivyo alichota mchuzi wake wa nyanya akaumwagia wangu, akaketi, akala kwa mkono kama nilivyokula mimi, akasema kwa mkono ni bora maana uma unaleta ladha ya chuma.

Mezani pale ndipo nilipopata habari zake, kidogo kidogo, kila moja ikiandamana na chakula. Aliolewa akiwa na miaka ishirini, kanisani kwao kijijini, lakini aliyesimama pembeni yake alikuwa kaka wa Nunzio, kwa niaba, maana bwana harusi mwenyewe alikuwa Toronto anachimba shimo la treni ya chini ya ardhi. Akapanda meli peke yake na sanduku moja. Ndani mlikuwa na mashuka kumi na mawili aliyoyatarizi mwenyewe tangu utotoni, na katikati ya mashuka, imefungwa kama mtoto mchanga, mashine ya kusagia nyanya yenye mpini wa kuzungusha. Bandarini Halifax maofisa walimnyang'anya soseji zote. Ndani ya treni alipewa mkate mweupe uliokatwa vipande, akaubonyeza, akaona haujaiva, akaushika mkononi siku nzima asijue kwa adabu mtu hutupa wapi kitu kama kile. Mpaka anashuka stesheni alikuwa na picha ya mumewe mfukoni. "Picha ilikuwa na nywele," aliniambia. "Mtu hakuwa nazo. Nikasema basi, sanduku ni zito, siwezi kurudi nalo." Kila aliposimulia hapo alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, na mimi nilicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Nyumba zile zina matundu sakafuni ya kupitisha hewa ya moto, na matundu hayo hupitisha na maneno. Jumapili moja mwezi wa nane, nikiwa nimelala kitandani, nilimsikia Vito jikoni juu, jiko la wageni, jambo ambalo peke yake lilinionya kwamba mazungumzo ni mazito. Mama alizungumza lugha yao ya kijijini. Vito alijibu kwa Kiingereza, kama binti yangu anavyonijibu leo, na kwa hiyo nilisikia nusu tu, nusu ya mwana. Nusu hiyo ilitosha. Alisema nyumba ni kubwa, ngazi ni kali, baba hayupo. Alisema chumba kiko tayari Pickering, amekipaka rangi. Alisema tayari kuna mtu anayeitaka nyumba. Kisha mama akasema kitu kirefu, na Vito akajibu, "Sawa. Nyanya za mwaka huu. Ukiweza kuzitengeneza bila baba, sitakugusia tena habari ya kuhama. Usipoweza, Krismasi uko kwangu." Kesho yake asubuhi Mama Vito alikaanga hoho kwa fujo kubwa, akanieleza nusu iliyobaki: kila mwaka yeye na mzee Nunzio walisaga nyanya na kufunga mchuzi kwenye chupa, wa kutosha mwaka mzima. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, kuanzia saa moja asubuhi. Vito angekuja kutazama, mikono mfukoni. Akaniomba siku hiyo nizungushe mpini. Nikasema hata siku mbili.

Wiki ya siku yenyewe lori lilimwaga gereji vikapu ishirini vya nyanya. Mama Vito alitoa mashuka manne, yaliyobaki kati ya kumi na mawili ya harusi, yamelainika kama ngozi na bado yana herufi zake pembeni, akayatandika sakafuni na kuzipanga nyanya moja moja. Hakunieleza kwa nini. Alidhani hakuna mtu duniani asiyejua. Na mimi sikuuliza, kwa sababu mimi ni mtu wa Ilula, na Ilula, anayepita barabara kuu ya Iringa anajua, nyanya ndiyo hewa yetu. Nimelala juu ya matenga ya nyanya nikiwa mdogo. Kosa lililofuata lilikuwa la watu wawili wanaojua nyanya kupita kiasi.

Alhamisi Vito alimchukua mama yake kwa siku moja, kuna mjukuu aliyekuwa anatimiza miaka. Nilitoka kazini mchana, nikafungua gereji, na harufu ikanipiga usoni. Vijidudu vidogo vinaruka. Niliinama nikabonyeza moja, kidole kikazama. Nyingine, kikazama. Zaidi ya nusu zilikuwa zimelegea. Kwetu nyanya ya namna hiyo inaitwa masalo. Ikishafika hapo mwenye nayo anaiondoa mbele ya wateja kabla jua halijawa kali, ampe jirani, ampe nguruwe, mradi isionekane. Nilimwona Vito akilini mwangu, Jumamosi saa moja, mikono mfukoni, akivuta ile harufu na kusema, mama, unaona? Nikampigia simu Wanjiru, muuguzi kutoka Nyeri aliyekuwa akiongoza kwaya yetu ya Kiswahili, nikamwambia kuna nyanya za bure, aje na gari. Alikuja na gari la kanisa. Tulizoa zote zilizolegea, jioni ile kwenye mazoezi ya kwaya kila mtu akapata mfuko wake, mpaka wanaokaa maghorofani Scarborough walipanda mabasi mawili wakiwa wamezipakata. Mimi nilirudi nikafagia gereji, nikazipanga zile ngumu kwa mafungu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama sokoni. Nililala usingizi wa mtu aliyemwokoa mwenzake.

Mama Vito alirudi Ijumaa adhuhuri. Nilimtangulia gereji nikamfungulia mlango kama anayefungua zawadi. Alisimama. Hakupiga kelele. Aliokota nyanya moja, akaigonga ukutani mara mbili, ikalia kama jiwe. "Hii ni ya saladi," alisema. "Zingine ziko wapi?" Nikamwambia kwa fahari, zilikuwa zimeharibika, nimezigawa kanisani. Akakaa juu ya kreti. Akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba nyanya ya kuweka kwenye chupa haiwi tayari mpaka kidole gumba kizame. Kwamba wiki nzima alikuwa akizisubiri zilegee. Kwamba kila asubuhi kabla sijaamka alishuka kuzibonyeza, na Alhamisi, alipoondoka, aliziacha kamili. Halafu akasema, bila hasira hata kidogo, jambo lililoniumiza kuliko matusi: "Hicho chumba cha Pickering kina dirisha zuri."

Nilishuka chini nikamshika Wanjiru kwenye simu akiwa wodini. Nikamweleza yote, nyumba, mwana, dau, kidole gumba. Akasema, "Wee Rehema. Watu washakula. Mimi mwenyewe nimezipika na sukuma jana. Sasa unataka niwaambie nini, watapike?" Nikamwambia sijui, lakini mama wa watu anahamishwa kwa ajili ya mikono yangu. "Haya, wacha nione," akasema, akakata.

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi mtu aligonga mlango wa nyuma. Alikuwa ni mwanakwaya mmoja wa soprano mwenye mfuko wa nyanya, amesafiri gizani. Nyuma yake wengine wawili. Halafu gari la kanisa, na Wanjiru na sare yake ya hospitali, ametoka zamu moja kwa moja. Waliokuwa hawajapika walirudisha nyanya zao, siku mbili zaidi za kulegea, nyekundu kama moto. Waliokuwa wamekwisha kupika walikuja wenyewe, wana haya, na visu vyao. Mzee Mutiso, mwimbaji wa besi, alikuwa amepitia sokoni jana yake jioni akanunua nyingine, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba kama alivyoagizwa mpaka mwenye duka akamfokea. Mama mmoja Mkongo alileta sufuria ya mchuzi wenye pilipili, akaiweka mezani, akaeleza kwamba nyanya zake zimo humo, na kama kuna njia ya kuzitoa yeye hana neno.

Mama Vito alikuwa amevaa tayari. Nadhani alikuwa amejiandaa kushindwa akiwa nadhifu. Aliwatazama watu kumi na tano gerejini mwake, akatazama mifuko, akatumbukiza kidole kwenye nyanya ya kwanza, kikazama mpaka kifundo. Kisha akawa mtu mwingine. Alipita akikagua mikono ya watu, kama daktari, akiwapanga: wewe kuosha, wewe kukata, wewe chumvi. Ya Wanjiru aliigeuzageuza akasema hii ni mikono ya kazi, akampa kutia jani la mrehani ndani ya kila chupa. Mimi nikapewa mpini wa ile mashine iliyovuka bahari ndani ya mashuka. Uani wazee wa besi waliwasha moto chini ya pipa, wakapanga chupa ndani huku wakizitenganisha kwa matambara zisigongane. Kuhusu moto wakabishana, kila mmoja akidai kwao ndiko wanakojua kuni. Wala hakuna aliyesema tuimbe. Ilianzia kwa wakataji, sauti ya pili kwanza, na Mama Vito akawa anapiga ukingo wa beseni kwa mwiko, nje ya mapigo kabisa.

Vito alifika saa moja kamili. Alisimama mlangoni pa gereji, mikono mfukoni, na akakaa hivyo muda mrefu. Niliacha kuzungusha. Kila mtu aliacha, maana wote walikuwa wanajua. Alisema kwa Kiingereza kwamba haya siyo makubaliano. Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye chupa aliyokuwa akiifunga. Alijibu kwa Kiingereza vilevile, Kiingereza chake, ili sote tusikie. "Nilisema bila baba yako. Sikusema peke yangu." Akaikaza chupa. "Hata baba yako hakufanya peke yake. Walikuja ndugu zake, walikuja majirani, alikuja Mreno wa pembeni. Wewe ulikuwa umelala."

Vito akatutazama, mmoja mmoja, aproni zetu, visu vyetu, sare ya Wanjiru yenye matone mekundu ambayo mtu angeweza kuyafikiria vibaya. Alitoa mkono wa kwanza mfukoni, halafu wa pili. Akaja mpaka kwenye mashine, akaniondoa kwa bega, akashika mpini. Alizungusha nusu saa nzima. Kisha akageuka akamwambia mama yake kitu kwa lugha yao, ile ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kinywani mwake, na mama akapiga kelele ya kicheko. Nilimuuliza baadaye amesema nini. Amesema, mama, chumvi haitoshi.

Mchana tulikula uani, tambi na nyanya mpya, na ule mchuzi wa Mkongo, ambao Mama Vito aliuonja, akakohoa, akaongeza. Zaidi ya chupa mia zilipoa ndani ya pipa. Habari ya Pickering haikutajwa tena kwa miaka mingi, mpaka alipoamua mwenyewe, akiwa na miaka themanini na nane, na alihama na mashuka, mashine na masharti: Vito amjengee jiko la chini. Kila mwezi wa tisa kabla ya hapo kwaya ilikwenda Mount Dennis, na waliokuja wapya walifundishwa kidole gumba kabla ya kufundishwa nyimbo. Mimi nilikuwa nimeondoka Mei iliyofuata, kwenda Calgary, kisha Windsor, kisha sikumbuki mpangilio. Hakunilaumu. Alinipa chupa mbili zilizofungwa kwenye soksi za mzee Nunzio na kuniambia nisizifungue mpaka nipate jiko. Nilizifungua kila mahali, na kila mahali nikaandika barua nikamwambia jiko hili si lenyewe, naye akanitumia nyingine.

Sasa niko gereji kwa Vito, na nyumba imejaa waombolezaji wanaoulizia kahawa. Mlango wa jikoni chini uko wazi, nasikia sufuria. Nilivua viatu vya kuazima nikapita katikati ya mashuka, nikachuchumaa. Herufi zake bado zipo pembeni, uzi umefifia. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, ikakataa. Nyingine, ikaanza kukubali halafu ikasita. Nilibonyeza ya kila shuka, sikuruka hata moja, huku Vito amesimama nyuma yangu na mikono yake nje ya mifuko.

"Bado," nikamwambia. "Siku mbili. Labda tatu."

"Na basi lako?" akauliza.

Nilimwambia anitafutie aproni, na ampigie Wanjiru.